Kizibo cha Gunzi

Machungwa yaliyokaa siku mbili ndani ya matenga, juu ya bati lililolowa dizeli, yana harufu ambayo sijaikuta kwingine. Ni tamu na inachefua kwa pamoja, na mpaka leo nikiinusa miguu yangu hutaka kuondoka. Ndiyo harufu ya msimu mmoja nyumbani kwetu Kwaluguru, nilipokuwa darasa la tano, msimu ambao sikuweza kutulia mahali dakika tano. Baba alikuwa na pikapu kuukuu ya dizeli, iliyokwisha kupita mikononi mwa watu wengi kabla yetu. Mguu mmoja wa Baba haukukunjika, hivyo dereva wetu alikuwa Mjomba Mhina, mdogo wake mama, kijana mpole aliyetoka Kerenge kuja kuishi nasi na kupeleka machungwa sokoni Korogwe. Mjomba alilipenda lile gari hadi tukawa tunamcheka. Alikuwa akilisemesha.

Mwanzoni mwa msimu nilipoteza mfuniko wa tangi la mafuta. Tulikuwa tunaosha gari kwenye lambo, Mjomba akanituma kuusuuza, ukaniponyoka na kuzama topeni. Nikaokota gunzi la hindi, nikalichonga kwa kisu, nikalishindilia kwenye mdomo wa tangi. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu gunzi ndilo kizibo cha chupa ya asali, cha kibuyu cha maziwa, cha dumu la mafuta ya taa. Kwa nini lisiwe la gari? Baba alilijaribu kwa kidole, akacheka, akasema, "Huyu mtoto ana akili ya fundi." Nilitembea na sifa hiyo wiki nzima, shingo juu. Kilichonikera ni kwamba magunzi hayakudumu. Yalilowa, yakalainika, na kila nilipolitoa moja nilikuta ncha yake imebaki ndani. Nilichonga jingine na kunyamaza.

Basi pikapu ikaanza visa. Asubuhi inawaka mara moja, inanguruma vizuri, inaondoka na mzigo. Ikikuta mlima inakosa nguvu, inakohoa mara mbili tatu, inazima. Mjomba akisubiri kidogo na kupiga stata, inawaka kana kwamba ilikuwa inamtania. Mara mbili alifika Korogwe wanunuzi wakiwa wameshaondoka, akarudi na machungwa yake, tukayala mpaka meno yakafa ganzi. Baba akawa mtu wa kuzunguka uwanja na fimbo yake tangu asubuhi, akitazama barabara, nami nikizunguka nyuma yake.

Akaitwa Fundi Saidi kutoka Korogwe. Alikuja na pikipiki, spana zake kwenye kiroba cha unga. Aliwasha injini, akawa analegeza paipu za nozeli, zile zinazonyunyizia mafuta ndani ya injini, moja baada ya nyingine huku ameinamisha sikio. Ukilegeza ya nozeli nzima mngurumo hubadilika. Usipobadilika, hiyo ndiyo mbovu. Kwa zote nne ulibadilika. Akaweka filta mpya, akatoa hewa kwenye paipu, na pale uwanjani gari halikuzima hata mara moja, kwa sababu lisipokuwa na mzigo wala mlima linakunywa mafuta kidogo tu. Kesho yake likazima njiani. Aliporudi mara ya tatu alikuwa amechoka, akasema neno lililovunja nyumba yetu: "Mzee, pampu nzima, nozeli nzima. Labda mafuta yenyewe yana walakini."

Aliyekuwa akinunua mafuta ya gari alikuwa mmoja tu. Baba alimgeukia Mjomba palepale, mbele ya fundi. "Shemeji, unachakachua. Unauza dizeli yangu, unanijazia mafuta ya taa."

"Mimi, shemeji?" Mjomba alisema.

Mama alitoka jikoni mikono ina unga, akamtazama mumewe, akamtazama mdogo wake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya tangi. Asubuhi ileile nilikuwa nimelitoa gunzi, na kipande cha ukubwa wa kidole gumba kikadondoka ndani. Nilikisikia kikigonga mafuta. Mambo ya pampu sikuyajua, lakini nilijua mle ndani mna takataka na ni zangu. Nilifungua mdomo. Nikakumbuka Baba alivyonisifu kuwa nina akili ya fundi, nikaufunga. Mjomba alipanga nguo zake kwenye begi, akaondoka kwa miguu. Nilimkimbilia hadi barabarani, nikamtazama akipotea, nikarudi. Niliona haya, na haya hiyo haijaniacha.

Akaletwa dereva mwingine, gari likazima vilevile. Ndipo Fundi Saidi akashusha tangi na kulimwaga kwenye karai. Ulitoka uji wa magunzi. Mengine yalikuwa yamejibana kwenye kichujio cha ndani, pale paipu inapofyonzea mafuta: injini ikivuta sana yanaziba njia, ikizima yanaanguka, njia inafunguka. "Nyie mnafungia nini tangi hili?" akauliza. Baba akakaa juu ya tenga. Hakunipiga. "Mtoto hakujua," alisema, nami nikamwacha aamini hivyo.

Tulikwenda Kerenge, Baba akampa Mjomba ufunguo kwa mikono miwili na kumwomba radhi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama kawaida, akatukaribisha ugali, tukala. Kisha akaurudisha ufunguo. "Radhi nimekupa, shemeji. Dereva tafuta mwingine." Hakushika tena usukani wa gari la mtu.

Mwezi uliopita gari langu la petroli, nalo la zamani, lilikuwa linakosakosa, injini ikiruka mapigo. Fundi mmoja kijana pale Korogwe alichomeka kifaa chini ya usukani, na kabla sijamaliza soda akaniambia injekta ya tatu, ndiyo nozeli ya petroli, imeziba. Hakumshuku mtu. Niliona wivu mpaka nikashindwa kukaa kwenye benchi. Lilipotengemaa nilikwenda moja kwa moja Kerenge, nikamweleza Mjomba habari za kile kipande kilichodondoka. Alikuwa ananoa jembe. Aliniuliza swali moja tu: "Wakati nafunga begi, ulikuwa umeshajua?" Nikasema ndiyo. Akamaliza kunoa, akanisindikiza hadi kwenye gari, akanifungia mlango taratibu. Miaka yote alikuwa akinipigia simu kila Ijumaa baada ya swala. Sasa ninapiga mimi. Hupokea, huniuliza watoto hawajambo, lakini huiacha kwanza iite mpaka karibu ikatike.