Konfitiri Niliyoisonga Kama Bugali

Konfitiri yangu ya kwanza, jemu ya mananasi, niliisonga kama bugali. Nasema mapema, ili wanaotaka kunicheka wacheke mara moja tuendelee. Kwetu, mtu aliyezaliwa mbele ya mbabula, lile jiko letu la makaa, anajua jambo moja: sufuria haitoki kwenye makaa mpaka unga ushike, mpaka mwiko usimame wenyewe katikati bila kushikwa na mtu. Nimekua kwa sheria hiyo na nimeshiba kwa sheria hiyo. Basi nilipoweka mananasi na sukari motoni, nilingoja mwiko usimame. Na kweli ulisimama. Kuutoa ndiko kulikuwa kazi.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Nilimaliza sekondari, nikapata diploma yangu, nikaiweka ndani ya valizi, chini ya nguo, ili isichafuke, na mpaka leo ni safi kabisa. Anayetoka ni mke wangu; anauza vitenge sokoni Kadutu. Mimi nabaki na maharagwe motoni, na simu, na funguo. Wengine wanaita hali hiyo kukosa kazi. Mimi naita kulinda nyumba, ingawa hakuna mwizi aliyewahi kuja ili nionyeshe ujuzi wangu.

Mama mkwe anaishi kisiwani Idjwi. Kila akimpigia binti yake simu anauliza habari za afya, habari za mvua, halafu, kwa sauti ile ya kuulizia mgonjwa: "Na bwana, alisha pata kazi?" Mke wangu anajibu kwamba bado natafuta. Hadanganyi. Natafuta, ila natafuta nikiwa nimekaa.

Siku moja mama mkwe alitutumia mananasi kwa boti, ndani ya kikapu chenye kifuniko alichokisuka mwenyewe. Sasa, kikapu cha ukweni hakirudi kitupu. Ukikirudisha kitupu umeshasema, bila kufungua kinywa, kwamba nyumbani kwako pamekauka. Mke wangu alitaka tufanye kama watu wote: sukari, sabuni, basi. Hapo ndipo nilipofungua kinywa mimi. Nilimwambia sukari na sabuni kila mkwe anatuma. Mimi nitamrudishia mama mananasi yake mwenyewe, yakiwa konfitiri ya kupaka mkate, ili ajue binti yake hakuolewa na kiti.

Mke wangu alinitazama, akakaza kitenge chake kiunoni, akasema boti inaondoka Jumamosi asubuhi, na konfitiri ikiharibika, mimi ndiye nitakayeingia ndani ya kikapu.

Nilijifunza kwenye video. Mama mmoja wa Ulaya, jiko lake linang'aa kama altare, alieleza yote: tunda na sukari uzito sawa, maji ya ndimu, moto, koroga. Mwishoni alidondosha tone kwenye sahani ya baridi, akalisukuma kwa kidole. Likikunjana, alisema, imeiva. Nikacheka peke yangu. Chakula kiko kwenye sufuria, wewe unakitafuta kwenye sahani! Sehemu hiyo niliiacha, nikamwachia yeye na kidole chake. Sikujua kwamba konfitiri ni mnafiki: ikiwa ya moto inajifanya maji, inangoja ipoe ndipo ikuonyeshe tabia yake. Bugali haina mambo hayo. Bugali ikishika, imeshika mbele yako.

Niseme pia kwamba kwenye vilima vyetu tunaishi kama kwenye ngazi. Kiwanja cha jirani yangu, mama anayekaanga mandazi, kiko sawa na mabati ya paa langu, kwa hiyo akianika nguo anaona mpaka chini ya sufuria yangu. Siku hiyo aliniona nimeshikilia mwiko kwa mikono miwili, jasho linanitoka, akaniuliza kama tunangojea wageni wa matanga. Nilimjibu kwa heshima kwamba natengeneza konfitiri. Akaomba aitwe kuonja.

Alishuka jioni na kijiko chake. Nilikuwa nimeshindilia kile kitu ndani ya chupa za mayonezi. Kijiko kiliingia nusu, kikakataa kutoka. Alipokiinua, chupa nayo ilipanda pamoja nacho. Aliizungusha, akaitazama kwa chini kama mtu anayenunua sufuria.

"Papa," akasema, "hii haiko ya kupaka mukate. Hii iko ya kujengea."

Nusu ya mananasi ilikuwa bado. Safari ya pili nilikuwa nimeshaingiwa na woga, sufuria ilipochemka tu nikaitoa. Ijumaa, mke wangu aliporudi sokoni, alikuta mezani chupa za mawe upande huu na chupa za maji upande ule, na ndani ya moja nzi anaogelea bila haraka. Nilingoja maneno. Alifungua mfuko wake, akatoa sukari na sabuni, akaziweka karibu na kikapu. Afadhali angenitukana. Nilimsikia mama mkwe tayari, na sauti yake ya kuulizia mgonjwa.

Kilichoniokoa hakikuwa akili, ni uchoyo. Sukari yote ile, niitupe? Nikamtoa mwogeleaji, nikarudisha maji kwenye sufuria, nikayapigapiga mawe kwa mchi na kuyatumbukiza humo, moto mdogo. Yakaanza kuyeyuka. Halafu, nikiangalia kwanza kama jirani haonekani, nikaweka sahani juu ya ukuta, pale upepo wa ziwa unapopita. Nikadondosha tone. Nikalisukuma kwa kidole. Likakimbia. Nikakoroga, nikadondosha tena, likakimbia tena. Mikono yangu ilitaka kuendelea mpaka mwiko usimame. Nilikuwa napigana na malezi yangu yote. Mara tone likakunjana, kama ngozi ya maziwa. Nikatoa sufuria haraka, moyo unaniambia unatoa uji huo, wewe, unatoa uji.

Asubuhi niligeuza chupa, konfitiri haikumwagika. Rangi ilikuwa imeungua kidogo. Tukakubaliana kuiita rangi ya asali. Kikapu kikaenda bandarini, chupa zangu juu, na chini kabisa, chini ya kitambaa, sukari na sabuni ambazo mke wangu alizificha akidhani sioni. Niliona. Nilijifanya natafuta kifuniko.

Baadaye mama mkwe alipiga simu. Alishukuru kwa sabuni. Alishukuru kwa sukari. Juu ya konfitiri, kimya. Lakini hakuuliza kama nimepata kazi. Kwa mara ya kwanza tangu ndoa, hakuuliza. Mke wangu alisema labda alisahau. Mimi nilijua nimeshinda, nikatembea kiwanjani wiki nzima kama mtu aliyeteuliwa.

Kisha kikapu kikarudi, na safari hii hakikuja peke yake. Kilikuja na gunia la mananasi lililobebwa na watu wawili. Chupa zangu zilikuwa zimeoshwa na kujazwa karanga, maana hata yeye hawezi kurudisha chupa tupu. Na juu ya gunia, umefungwa kwa kamba ya mgomba, mwiko mpya, mpini mrefu, wa mti mgumu.

Nilisimama katikati ya kiwanja, mkono mmoja kiunoni na mwingine umeshika mwiko, nikamweleza jirani, kwa sauti ya kufika mpaka barabarani, namna konfitiri yangu ilivyomshika mama mkwe roho. Alikuwa anaanika mashuka. Aliangalia gunia, akaangalia mwiko, akaniangalia mimi, akatoa kibanio mdomoni.

"Usijidanganye, papa. Ule mama hakusifu konfitiri yako. Alichoka kuuliza kama ulisha pata kazi, njo amekutumia kazi yenyewe."