Hirizi Ndani ya Seva

Hili jambo hata mke wangu sijamsimulia, na ninyi mkicheka mcheke taratibu, maana nikilikumbuka bado natamani ardhi inimeze.

Ni zile nyakati soko huria limechanganya, kila mwenye uwezo anafungua kampuni ya kununua mahindi, na mimi nilikuwa fundi kompyuta wa kampuni moja pale Handeni (fundi pekee, kwa hiyo nilijiona profesa). Kiangazi vumbi la Handeni linaingia mpaka kwenye meno, basi nikaamua nitandike zulia jipya la nailoni chumba cha seva, kiyoyozi kiwake mchana kutwa, na kila anayeingia avue viatu mlangoni. Uamuzi mdogo tu huo.

Tangu hapo mtandao ukaanza vituko. Kila alasiri, ofisi imetulia, Mama Zuhura, karani wetu, mjane wa makamo, alikuwa anaingia kubadilisha kanda ya kuhifadhia kazi za siku, na akiigusa tu seva, taa ya kijani ya kadi ya mtandao inazimika na kompyuta za ofisi nzima zinaganda. Nikabadilisha kebo. Nikaweka kadi mpya kabisa kutoka Dar, akaingia yeye, ikazimika. Siku moja nikasimama nyuma yake, nikaona vinyweleo vya mkono wake vimesimama vyote, na upindo wa baibui unajivuta taratibu kuelekea kwenye lile sanduku la chuma, kama kuna mtu mle ndani anamvuta. Nilitoka nikajifanya nimeitwa.

Nikamweleza meneja nilichokiona, na kufikia jioni ofisi nzima ikawa inanong'ona kwamba bibi aliyemlea Mama Zuhura alikuwa mganga na amemwachia mizimu yake. Meneja akasema wageni wa ofisi yetu ya Korogwe wakija kukagua mtandao, yule mama asikanyage chumbani, na wakishaondoka ataachishwa kazi. Watoto wake walikuwa wanasoma kwa mshahara ule. Nilijua, nikanyamaza. Tena nikaenda kwa mganga mmoja njia ya Segera (na cheti changu ukutani!), akanipa hirizi ya kaniki, nikaifunga ndani ya seva, jirani na kadi.

Wageni wakaja, wakavua viatu, wakajipanga ukutani. Mama Zuhura alibaki korido, mlango uko wazi. Mimi, niliyezoea kuingia peku, siku hiyo nimevaa soksi mpya za nailoni, nikawa nazunguka kwenye zulia, naeleza kwa mbwembwe, huku nahisi nywele za shingoni zinanyanyuka moja moja. Nikanyoosha mkono nifungue seva waione kadi. Cheche ya buluu ikaruka kutoka kidoleni kwangu, na taa ya kijani ikazimika.

Jamani, nilipiga yowe. Nilimwomba radhi marehemu bibi yake Mama Zuhura mbele ya watu wazima, nikarudi nyuma huku nimeng'ang'ania mfuniko wa seva, ukang'oka, na hirizi ikaanguka zuliani. Mgeni mmoja akaiokota, akaigeuzageuza.

"Fundi, hiki nacho ni kifaa cha mtandao?"

Akataka kuirudisha ndani, akagusa chuma, naye akarushwa na shoti. Hapo ndipo akili ikanirudia: nailoni juu ya nailoni, soksi zangu na baibui lake juu ya zulia, hewa kavu, umeme unajikusanya mwilini mwa anayetembea na kushukia kwenye kadi. Zulia langu. Nikalisema palepale, kwamba mama hana kosa. Yeye alikuwa ananitazama kutoka mlangoni.

"Kumbe na wewe, mwanangu, ulikuwa unaniogopa," akasema.

Zulia tuliling'oa siku ileile, kadi haikusumbua tena, na Mama Zuhura akabaki kazini. Toka hapo nimeapa, mashine ikiharibika sitamtaja mtu. Ila ule uvumi wa mizimu haukung'oka na zulia. Mpaka nahama kampuni ile, saa ya chai yeye ndiye alikuwa anatumiminia, kama zamani, na vikombe vilikuwa vinapoa mezani hakuna anayevigusa. Nilikuwa nakunywa changu peke yangu, naye anakaa ananiangalia mpaka nimalize.