Kamande kwa Kipimo cha Ngamia

Tumbo yangu ilifunga choo siku tisa. Sawa, pengine ni sita, lakini hiyo ya sita peke yake ilikuwa na urefu wa siku nne.

Daktari, msichana mdogo hivi, aliniuliza, "Mzee, unakula nini?"

"Nyama. Na chai ya maziwa."

"Na mboga?"

"Mboga anakula mbuzi, halafu mimi nakula mbuzi."

Alicheka kidogo, akaacha. Akaniambia nile kamande, zile dengu ndogo bapa, kikombe moja kwa siku, na maji mingi. Wiki mbili zikiisha bila nafuu, nitapelekwa Meru wanipige picha ya tumbo, na pengine nipasuliwe.

Hapo mimi sikuwa na utani. Ndugu yangu mkubwa alienda kupasuliwa tumbo, tukamrudisha kwa blanketi, wa kuzikwa.

Basi bibi yangu, mama watoto, akanunua kamande sokoni, akapika sufuria mzima. Sisi watu wa mifugo tunaona punje ndogo kama hiyo ni chakula ya watu wa shamba, au ya msaada wakati wa njaa. Lakini mimi nilikuwa na haraka ya kupona. Miaka yote nimeuza wanyama soko ya Oldonyiro, na najua dawa inafuata uzito: mbuzi anapewa kidogo, ngamia anapewa chupa mzima. Nikajiangalia, nikaona mimi ni ngamia wa miaka miwili. Bibi alipoenda kwa jirani, nikamaliza sufuria yote. Maji nikaonja tu, kwa sababu mtu amezoea safari ya jangwa ya Sericho hababaiki na maji.

Yarabi. Tumbo ilivimba nikakosa kuona miguu yangu. Ilinguruma mpaka watu wa kijiji cha Ngaremara wakatega ndoo wakingoja mvua. Alasiri nilishindwa kuinama, nikaswali nikiwa nimekaa kwa kiti.

Bibi alirudi, akaangalia sufuria.

"Baba watoto, nani alikula hii yote?"

"Ngamia."

"Ngamia gani?"

"Huyu amekaa kwa kiti."

Nilingoja acheke. Alikaa chini, akafunika uso na shuka. "Ndugu yako pia alikuwa anatuchekesha hivi hivi," akasema. "Tukadhani ni mzima."

Nikasukuma sufuria kando kwa mguu.

Kutoka siku hiyo ananipimia yeye. Nusu kikombe, imeiva mpaka imepondeka, na glasi mbili za maji, na haondoki mpaka nimeze. Siku ya nne tumbo ilifunguka. Nilifurahi kama mtu amepata ngamia kumi. Lakini upande wa kushoto bado kuna kitu ngumu, na hiyo nilimficha siku tatu.

Jana nilichukua mkono yake nikaiweka hapo. Akabonyeza polepole. Baadaye akauliza, "Jumatatu ukirudi kwa daktari, nikuje na wewe?"

Nilikuwa na mzaha tayari kwa mdomo. Nikaimeza, nikamwambia akuje.