Daftari Lisilo na Nafasi ya Hilaria

Saa nne asubuhi, Hilaria Mokami ameketi kwenye kigoda uani kwa Philomena, katika kijiji kimoja cha kata ya Susuni, wilayani Tarime. Daftari liko mapajani, mkoba wa vidonge vya uzazi wa mpango uko miguuni. Jua bado halijawa kali.

Ghafla anaacha kuandika. Jasho linamchuruzika usoni hadi kidevuni, shingo inawaka, vidole vinashindwa kushika kalamu. Anachukua kikombe cha maji aliyokaribishwa kunywa na kujimwagia kifuani.

Upande wa zizi, mume wa Philomena anamgusa mdogo wake kwa kiwiko. "Unaona, mura? Ndiyo mwisho wa vidonge huo. Halafu anataka na mke wangu ameze."

Hilaria amesikia. Anangoja mwili utulie, anafunga daftari, anaaga kwa heshima zote. Wakiwa njiani na mwandishi wa habari hii ndipo anapolitoa la moyoni.

"Sijawahi kumeza hata kimoja," anasema. "Ningekuwa nimemeza, leo ningekuwa nimelala usingizi kama watu wengine."

Hilaria ana miaka thelathini na sita. Ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na kaya mia moja na kumi ziko mikononi mwake. Anapima malaria, anafuatilia wajawazito, anagawa vidonge. Posho yake ni shilingi 60,000 kwa mwezi, pale inapokuja.

Miaka mitatu iliyopita, baada ya kujifungua mtoto wa nne, alipata maambukizi na usaha ukajaa tumboni. Alifikishwa hospitali akiwa hajitambui. Madaktari waliondoa kizazi pamoja na ovari zote mbili, na kwa kufanya hivyo waliokoa maisha yake. Hilo Hilaria hachoki kulisema. Asichowasamehe ni ukimya wao. Karatasi ya kumruhusu kwenda nyumbani ilisema apumzike na asibebe mizigo mizito kwa miezi mitatu, basi.

"Hakuna aliyeniambia kwamba nimeingia chumba cha upasuaji mwanamke wa miaka thelathini na tatu, nikatoka wa miaka hamsini na tano."

Ovari ndizo zinazotengeneza homoni ya estrojeni. Kwa wanawake wengi hupungua taratibu, miaka ikienda, na mwili hupata nafasi ya kuzoea. Kwake ilikatika siku moja.

Wiki chache baadaye moto ukaanza. Joto, kisha baridi, kisha jasho la kulowanisha shuka. Huku kwao dalili hizo zina jina moja tu, na Hilaria mwenyewe ndiye hulitangaza kijijini. Akajitoboa kidole kwa vipimo vyake. Hakuna malaria. Akajitoboa tena. Alijitoboa mara tisa katika miezi minne, na mara nne alimeza dozi nzima ya malaria ambayo kipimo kilikuwa kimeikataa.

"Mimi ndiye nafundisha watu wasimeze dawa bila kipimo," anasema, na kicheko chake hakina furaha hata chembe. "Lakini ukiungua kila siku, utameza hata mkaa."

Nyumbani nako kukawa vita. Mambo ya chumbani yalimuuma kama kidonda kibichi, naye hakujua aseme nini. Erasto, mumewe, alidhani mkewe amepata mwanamume mwingine. Kwa miezi mitano alilala kwenye nyumba ya mama yake, ng'ambo ya ua, na kijiji kizima kikajua.

"Nilimkasirikia bure," anasema Erasto, mkulima wa mahindi, macho yakiwa chini. "Lakini na mimi nani aliniambia?"

Aliyewaambia alikuwa Daktari Daudi, wa hospitali moja ya rufaa jijini Mwanza, mwaka mmoja na nusu baada ya upasuaji. Alieleza kwamba mwanamke wa umri huo akikaa bila homoni, mifupa hudhoofika na moyo huwa hatarini. Akaandika jina la dawa ya kurudisha homoni kwenye karatasi.

Karatasi hiyo Hilaria ameibeba hadi imechanika kwenye mikunjo. Tarime mjini, muuza dawa anayeitwa Sadick aliisoma mara mbili. "Dada, hii nimeiona kwenye kitabu tu," akamwambia. Sirari, mpakani, muuzaji mwingine alikuwa na matumaini zaidi: "Hiyo lazima niitishe Kisumu, mama. Elfu arobaini na tano yenu ya Tanzania, dawa ya mwezi mmoja." Kwa mwenye posho ya elfu sitini, hayo nayo ni matusi.

Daktari alikuwa ameandika na njia ya pili. Dawa ikikosekana, vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili vingeweza kumsaidia, chini ya uangalizi wa zahanati. Hilaria anasema alipoelewa alicheka pale koridoni hadi wagonjwa wakageuka kumtazama. Vidonge hivyo vilikuwa nyumbani kwake, kwenye mkoba, chini ya kitanda.

Aliipeleka karatasi hiyo ya daktari kwa muuguzi wa zahanati, Esta, mwanamke mwema asiye na kinyongo na mtu. Esta akafungua daftari la wateja, maana asiyeandikwa humo hapewi vidonge.

"Nikuandike wapi, Hilaria?" alimuuliza. "Hapa wanataka tarehe ya hedhi ya mwisho. Hapa wanataka idadi ya watoto unaotaka kuzaa. Nijaze nini, mdogo wangu?"

Esta aliwauliza wakubwa wake. Jibu likaja kwa simu: vidonge ni vya wenye kizazi, subirini mwongozo. Huu ni mwezi wa kumi na sita wanasubiri.

Aliwahi kuiba. Anakiri bila kuulizwa. Mwezi Mei alitoa paketi moja mkobani na kuificha chini ya mto. Siku ya tatu, kabla hajaifungua, Philomena akaja mbio. Mumewe alikuwa anarudi kutoka machimbo ya Nyamongo, vidonge anavyomeza kwa siri vimekwisha, na mtoto mgongoni hajatimiza mwaka. Mkobani hakukuwa na kitu.

"Niliitoa chini ya mto, nikampa," anasema Hilaria. "Sikulala. Si kwa jasho siku hiyo, kwa hasira." Ni mume huyohuyo aliyemcheka leo asubuhi.

Mwezi ujao wahudumu wote wanaitwa Tarime kuwasilisha madaftari yao. Hilaria analifungua lake, jipya, na kuonyesha mstari wa kwanza. Jina: Hilaria Mokami. Chini ya hedhi ya mwisho ameandika tarehe ya upasuaji. Chini ya watoto anaotaka kuzaa ameandika sifuri. Chini ya vidonge alivyopewa ameacha wazi.

"Watasema nimeharibu daftari la serikali," anasema. "Mimi nitawaomba jambo moja. Wajaze hiyo nafasi iliyobaki, au waandike kwa mkono wao kwamba mimi si mwanamke."

Anajifuta shingo kwa ncha ya kitenge, anatupa mkoba begani. Bado kaya sita, na zote zinataka vidonge.