Mama Mkwe na Blanketi la Mgongoni

Mwanangu wa kwanza alikataa kitanda. Ukimlaza, macho yanafunguka kabla godoro halijamgusa, na mdomo unafuata. Watu walituambia atazoea. Nadhani waliosema hivyo walikuwa na watoto wa aina nyingine.

Tulikuwa tunakaa Doornfontein, Johannesburg, ghorofa ya tano, kwenye jengo ambalo lifti yake niliikuta imekufa na nikaiacha imekufa. Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa nashona mapazia na sare za shule palepale nyumbani, cherehani nimeiweka dirishani nipate mwanga. Mke wangu alifanya kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala moja kubwa huko Midrand, na alitoka alfajiri. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, mwaka 2016, mtoto alikuwa na miezi mitatu. Hatukukaa kikao. Anayeshinda nyumbani ni mimi, basi kutwa mtoto ni wangu.

Sasa mimi ni mtu wa Tanga. Nimekulia kwenye nyumba ambayo mwanamume hupewa mtoto akiwa ameshaogeshwa, kapakwa poda na kashiba, naye humshika kwa mikono miwili mbele yake kama sinia la wageni. Mtoto akilowa anarudishwa kwa mwenyewe. Hayo ndiyo mafunzo niliyokuja nayo Johannesburg, na sikuwa na mengine.

Siku ya kwanza nilimtandikia kwenye boksi la vitambaa, chini ya meza ya cherehani. Alilia mpaka jirani akagonga mlango. Alikuwa bibi wa Kizulu ambaye jengo zima lilimwita Gogo, yaani bibi kwa lugha yake, na nisimsingizie, hakuja kwa huruma. Tamthilia yake ilikuwa imeanza na hasikii neno.

"Eish, baba," akasema kwa Kizulu, ambacho nilikuwa nimeshakizoea, akimtazama mtoto kisha mimi. "Huyu hataki boksi. Anataka mgongo."

Nikamwambia mama yake anarudi jioni.

"Kwani wewe huna mgongo?"

Kabla sijapata jibu alikuwa ameshaniinamisha. Alimlaza mtoto mgongoni kwangu, akamzungushia taulo, kisha akaleta kwake blanketi dogo zito, akalivuta chini ya makalio ya mtoto, akazikutanisha ncha kifuani kwangu na kuzibana kwa pini kubwa ambayo ingeweza kufunga gunia la mkaa. Akaniambia sasa fanya kazi yako, akarudi kwenye tamthilia.

Nikakaa, nikawasha cherehani. Sijamaliza pindo la pazia moja, mtoto kalala, mate yananitiririka shingoni. Nilimpenda mwanangu tangu alipozaliwa, lakini siku ile ndiyo nilianza kumfurahia.

Kilichofuata sikukitegemea. Mtoto alizoea mgongo, akazoea na cherehani. Umeme ukikatika, na kwenye jengo lile ulikatika utakavyo wenyewe, kimya kile kilimwamsha papo hapo. Ikabidi mimi niwe cherehani. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mtu mzima na ndevu zangu, nikifanya "trrrrr" kwa mdomo. Nilikuwa naweka na vituo vidogo, kama fundi anapogeuza kona ya kitambaa. Kituo kikizidi, anafungua jicho moja na kunisubiri.

Nikaanza kutoka naye. Nilishuka ngazi na mtoto mgongoni kwenda spaza, kile kiduka cha mtaani, kwenda kununua nyuzi, kwenda kupeleka mapazia kwa wateja. Vijana wa pale chini walininyooshea dole gumba, "Sharp, baba." Wauza nyanya waliniongezea nyanya. Dada wa Kikongo aliyekuwa akisuka nywele mlangoni pa jengo alinitazama siku ya kwanza kutoka kichwani hadi miguuni, akaniambia, "Papa, huyo mutoto anakupendeza kuliko koti ya Jumapili." Nikapanda ghorofa zote tano bila kupumzika. Ijumaa tu ndiyo nilimwacha kwa Gogo, nikaenda kusali Mayfair, maana pale msikitini ningekutana na watu wa nyumbani, na watu wa nyumbani wana simu.

Mke wangu alinipiga picha nyingi nikiwa katika hali ile. Hakuna hata moja iliyovuka mto Limpopo kuelekea nyumbani.

Mwaka uliofuata, mtoto akiwa ameanza kutembea kwa kushika viti, mama mkwe akatangaza kwamba anakuja. Alikuwa amelea wanawe, akalea wa dada yake, na wajukuu wawili watatu wamepita mikononi mwake. Kwenye simu alimwambia mke wangu bila kuzunguka: anakuja kutazama mjukuu wake analelewa na nani, na akiona hana mlezi, atarudi naye Tanga.

Asiyetujua asidhani hilo lilikuwa tishio. Kwetu bibi kumchukua mjukuu ni jambo la kawaida, tena ni la kushukuriwa. Mke wangu mwenyewe alilelewa na bibi yake. Angemkatalia mama yake kwa mdomo upi? Mimi niliogopa. Niliogopa hasa, mpaka nikawa nakata vitambaa nikikosea vipimo.

Hata hivyo tulichokiogopa zaidi, wapumbavu sisi, kilikuwa blanketi.

"Mama akikuona na mtoto mgongoni," mke wangu akasema, "atasema nimekugeuza yaya. Nitamtazama vipi?"

Nami nikajiona mbele ya mama mkwe, ambaye hata kukohoa nakohoa kwa adabu, nimefungwa pini kifuani. Nikakubali kabla hajamaliza kusema. Tukapanga kwamba Gogo ajifanye yaya kwa muda wa ziara, nami nimshonee mapazia ya sebule. Gogo alisema Watanzania tuna mambo ya ajabu, lakini mapazia aliyataka.

Mama mkwe alishuka basi Park Station mwezi wa saba, kwenye baridi yenyewe, akiwa amevaa sweta mbili juu ya baibui. Nikamwamkia, nikapokea mizigo. Kikapu kilikuwa kizito, sanduku lilikuwa zito. Begi dogo jekundu la magurudumu lilikuwa jepesi kabisa. Nikaligusa tena pale nyumbani kuhakikisha. Halikuwa na kitu ndani. Alilisimamisha kando ya mlango, na kwa siku zote zilizofuata sikuweza kutoka wala kuingia bila kuliona.

Mama mkwe hakuwa akisema na mimi moja kwa moja. Ni heshima, si ugomvi. Alipitishia maneno kwa mtoto, ambaye wakati ule alijua maneno mawili tu, na moja lilikuwa "paka". "Mwambie baba yako maji yamechemka." "Mwambie baba yako chumba hiki kina baridi." Mtoto alinitazama, nami nikajibu, "Mwambie bibi nimesikia."

Jioni alimsifu mwanawe wa kiume kule Tanga, ambaye naye mkewe alikuwa na kichanga. "Yule ni mwanamume," alisema. "Hajashika nepi hata siku moja, na akisumbuliwa na kilio cha mtoto anajiendea barazani." Mke wangu alinitazama, nami nikautazama ugali.

Mchana ndio ulikuwa mateso. Gogo alikaa na mtoto kwenye kochi, mtoto akanyoosha mikono upande wa cherehani na kulia. Gogo akamnyamazisha, "Thula, thula," huku akinikata jicho. Mama mkwe akamchukua, akamfunga kwa kanga, akamwimbia nyimbo zote za kubembeleza alizonazo. Mtoto akajipinda kama samaki na kuendelea kunililia. Nami nimeinamia kitambaa nikijifanya kiziwi. Sijawahi kushona mapazia yaliyopinda kama ya wiki ile, na yote yalikuwa ya Gogo.

"Mwambie baba yako," mama mkwe akamwambia mtoto mwishowe, kwa upole, akimfuta kamasi, "huku huna anayekulea, mwanangu. Tutakwenda nyumbani."

Jioni ile mke wangu alinifuata jikoni. Mama yake alikuwa ameshaanza kuuliza bei ya tiketi ya mtoto. Mke wangu alikuwa analia huku anakoroga mchuzi. "Labda ni vizuri," akasema. "Nawe upumzike kidogo."

"Nani kakwambia nataka kupumzika?" nikamjibu, kwa ukali ambao haukumlenga yeye.

Kesho yake Gogo alikwenda kliniki kuchukua dawa zake za presha. Mke wangu yuko kazini. Tukabaki mimi, mama mkwe na mtoto, ambaye saa yake ya kulala ilikuwa imepita zamani na alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. Mama mkwe alimtua kwenye zulia, magoti yanamuuma. Akalivuta begi jekundu, akalifungua, akaanza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga ndani. Soksi za manjano. Kofia ya sufu niliyomshonea mimi. Mara umeme ukakatika, cherehani ikanyamaza, na kilio cha mtoto kikajaa chumba kizima.

Nikasimama. Blanketi nilikuwa nimelificha chini ya marundo ya vitambaa, nikalichomoa. Nikainama, nikamrusha mtoto mgongoni kwa mkono mmoja kama nilivyozoea, taulo, blanketi, pini. Mtoto akanyamaza hapohapo, akalaza shavu. Lakini nilimjua, hakuwa analala. Alikuwa anasubiri cherehani.

Nilimtazama mama mkwe, naye alikuwa ananitazama, soksi mkononi. Nikageuka nikaanza kutembea kutoka dirishani hadi mlangoni.

"Trrrrr," nikafanya. Nikageuza kona. "Trrrrr."

Jasho lilinitoka mwezi wa saba. Safari ya nne au ya tano hivi, pumzi ya mtoto ikawa nzito na mate yakaanza kushuka shingoni mwangu. Nyuma yangu nikasikia kama mtu ana kwikwi. Nikajua mama mkwe analia, nimemvunjia heshima na mambo yameharibika. Nikageuka. Alikuwa ameketi kwenye zulia kajiziba mdomo kwa kanga, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Alipoweza kusimama alinijia. Hajawahi kunisogelea kiasi kile. Akapita nyuma yangu, akalishika blanketi na kulivuta juu kwa nguvu.

"Umemfunga chini," akasema, na hakumpitishia mtu. "Miguu inaning'inia."

"Ahsante, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu ana miezi mitatu."

"Na yule bibi?"

"Tulimwomba tu. Ni jirani."

Nilitegemea aseme tumemdanganya, na angekuwa na haki. Akasema jingine, ambalo mpaka leo linanichoma.

"Siku zote hizi mtoto alikuwa anakulilia wewe," akasema. "Na wewe umeinamia mapazia. Mimi nikadhani hana mtu."

Nilisimama pale na mwanangu mgongoni, macho yamejaa, nikijikaza kwa sababu ukilia mgongo unatikisika na mtoto anaamka. Mama mkwe akarudi kwenye zulia, akazitoa zile nguo moja moja na kuzirudisha kwenye droo. Kofia aliigeuza kwanza akatazama ushonaji wa ndani.

Mke wangu aliporudi alitukuta jikoni. Mama yake anakuna nazi, mimi namenya viazi, mtoto mgongoni. Alisimama mlangoni na mkoba begani, akitutazama kwa zamu.

"Ingia ufunge mlango," mama yake akamwambia. "Baridi inampata mtoto."

Alikaa nasi mpaka mwisho wa mwezi wa nane. Aliacha kumtuma mtoto kwangu, akawa ananitukana mwenyewe kwa mapenzi, hasa kuhusu uji wangu. Umeme ukikatika nilimsikia akijaribu "trrrrr" yake, lakini meno ya mbele hayakuwapo na mtoto hakudanganyika.

Siku moja kabla ya safari alitoka na Gogo kwenda madukani. Hawakuwa na lugha hata moja ya pamoja, na walirudi wakicheka kama wasichana waliotoroka shule. Mama mkwe akaliweka begi jekundu kitandani, akalifungua, akatia ndani blanketi jipya, dogo, zito, lenye miraba. Juu yake taulo. Juu ya taulo, pini mbili kubwa.

"La nani hilo, mama?" nikamuuliza.

"La yule mwanangu wa Tanga."

"Yule asiyeshika nepi?"

Akafunga zipu mpaka mwisho, akalisimamisha begi kando ya mlango, palepale lilipokuwa limesimama siku zote.

"Ana mgongo," akasema.