Majina matatu, visanduku viwili

Nilipokuwa mwaka wa sita wa sekondari, siku ya kujaza fomu ya chuo, bibi yangu mzaa baba alitaka kunisindikiza. Alisema anataka kuona pahali nitakapokwenda. Nikamweleza kwamba chuo chenyewe kiko ng'ambo ya ziwa, siku ile tunaenda siber tu, kwenye kompyuta za kulipia, karibu na gare ya treni. Akavaa kitenge chake cha misa, tukaenda.

Nilitaka kusomea ziwa. Nijue kwa nini kuna siku ndagala, wale samaki wadogo, wanajaa nyavuni na kuna siku wanapotea kama waliitwa mahali. Njia nzima nilikuwa nimeshajiona na koti jeupe, chupa ndogo za maji zimepangwa mbele yangu, kila moja na rangi yake. Hata skrini ya siber ilipowaka, buluu yake niliiona kama ziwa la saa sita mchana.

Fomu ilikuwa inafungwa jioni ileile. Papa mmoja, mzee mwenye siber, alivuta kiti karibu yangu ili anisaidie. Mwanzoni kabisa tukakwama. Fomu ilikuwa na visanduku viwili vya majina, na mimi, kama watu wote wa kwetu, nina matatu: lile la ukoo, lile la ubatizo, na la katikati nililorithi kwa bibi.

"Wanalinganisha na cheti cha shule," papa akasema. "Mwaka jana mutoto mumoja aliacha jina moja, wakamurudishia fomu."

Nikaandika la ukoo, kisha la bibi kando yake. Jina la bibi ni refu, la Kiholoholo. Herufi zikakatika katikati, kisanduku kimejaa.

"Jina yangu njo wapi?" bibi akauliza. Hajui kusoma, lakini alikuwa amesogeza uso mpaka karibu kugusa kioo.

Nilimwonyesha kwa kidole ile nusu iliyoingia.

"Na ile ingine?"

"Imebaki nje, bibi."

Akafikiri kidogo. "Basi uniache. Miye siendi kusoma kule, nitampikia nani?"

Papa akacheka. Chupa zangu zote, zile nilizoziwaza njiani, nilikuwa nimezipanga nikiwa na jina lake.

Nikafuta. Jina langu la ubatizo lina herufi nne tu, kisanduku chake kilikuwa karibu kitupu. Nikaliweka la bibi humo, taratibu, herufi moja moja, nikiogopa kila moja. Likaingia lote, pakabaki nafasi kidogo.

"Sasa uko ndani," nikamwambia.

Nikabonyeza kitufe cha kutuma. Duara likazunguka, likazunguka, sisi watatu tukilitazama. Kisha yakatokea maneno ya kijani: maombi yamepokelewa.

"Wamesema nini?" bibi akauliza.

"Wameyapata. Jibu litakuja."

Akavua kandambili zake, akakaa vizuri kwenye benchi, akakunja mikono juu ya kitenge.

"Mama, jibu ni mwezi muzima," papa akamwambia.

"Haina neno. Tuko tunangoja."

Nilitaka kumweleza kwamba jibu tutalingoja nyumbani. Lakini skrini ilikuwa bado buluu, na moyo wangu ulikuwa mwepesi sana. Nikasogea, nikakaa kando yake.