Siku Spika Alipoambiwa Anyamaze

Dada yangu anaitwa Spika, na waliompa jina hilo hawakumsingizia. Ulimi hauna mfupa, wanasema; wake hauna hata kitanda, maana haulali. Kazi yake ni kutia maneno kwenye filamu za Asia katika banda letu la video: mabati, mabenchi, pazia jeusi mlangoni. Mimi nakaa hapo mlangoni kupokea watu. Yeye anasimama kando ya televisheni, anapunguza sauti ya filamu, anashika maiki na kuwasemea wote waliomo, kuanzia mfalme hadi punda wake.

Mtauliza, anajua Kichina? Hata salamu hajui. Kikorea? Bure kabisa. Anatazama nyuso na kubahatisha, na kila mtu mbaya humwita Mwenye Nyumba, ili tuanze kumchukia mapema. Akikosea haombi radhi. Kuna siku alimwoza kijana mmoja kwa msichana aliyekuwa akimlilia vitani, akina mama wakapiga vigelegele, kumbe wale ni ndugu wa tumbo moja. "Jamani, huyu ni dada yake! Rudisheni vigelegele vyenu!" Filamu ikaendelea. Watu wetu hawaji kutafuta ukweli wa Wachina. Wanakuja kumsikiliza Spika.

Aliyekuwa mume wake hakulielewa hilo. Alimwambia achague, maiki au ndoa. Dada akarudi nyumbani na sufuria zake kichwani na maiki kwapani, na Mama hakuuliza swali hata moja. Alisogea tu kitandani, akampisha. Tangu hapo wanalala chumba kimoja, na macho ya Mama yalipoanza kuingia ukungu, Dada ndiye aliyekuwa akimwambia rangi ya gauni alilovaa, na nani amepita barabarani, na anapita na nani.

Basi mji ukapata tamasha la filamu, na siku moja nzima ikatengwa kwa sinema za Asia, kiingilio bure, kwenye ukumbi mkubwa. Bango lilisema sinema ni ya watu wote. Mama alipoambiwa, akaulizia viatu vyake vizuri.

"Nipelekeni," alisema. "Nataka kukalia kiti kinachokunjika kabla macho hayajafunga duka."

Tukaenda watatu, Mama tukamweka katikati. Filamu ya kwanza ilikuwa ya mapanga, chakula cha Dada hasa. Maandishi ya Kiingereza yalikimbia chini ya picha, hata mimi mwenye macho yangu yalinishinda. Mama aliona mwanga na vivuli tu. Dada akamwinamia sikioni: "Mwenye Nyumba ameingia, Mama. Kavaa nyeusi, na ile sura yake ya kudai." Mama akacheka. Waliokaa mbele wakageuka. "Shii!"

Mara tochi ikatumulika. Nyuma yake alikuwepo mhudumu wa ukumbi, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe.

"Dada, hapa hatuongei."

"Siongei, kaka. Namwonyesha Mama filamu."

"Maandishi yapo pale chini."

"Msomee wewe basi, mimi nipumzike."

Wawili watatu wakacheka, yeye hakucheka. "Neno moja tena, mnatoka wote watatu."

Nilipandwa na hasira hadi masikio yakawaka moto. Watu wote! Wangemalizia kabisa kwenye bango lao: watu wote wenye macho. Lakini nilimwogopea Mama, asije akatolewa mbele za watu kama mwizi wa kuku. Nikanyoosha mkono, nikamshika Dada: nyamaza, tumalize salama. Akanyamaza. Akawa anatafuna ncha ya mtandio wake, na Mama akawa anamfinya goti, anauliza kwa vidole, na hajibiwi. Sijawahi kuona filamu ndefu kama ile.

Ya pili ilikuwa ya mama na binti yake, wanaishi wawili tu kwenye kinyumba karibu na reli. Hawakusema mengi. Binti amepata kazi mbali, mama anamfunga vifungo vya koti kimoja kimoja na kuvifungua tena kana kwamba amekosea. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Mama yetu aliipata filamu kwa masikio tu: sauti ya mama na ya binti, maji yanamiminwa, mlango, hatua za miguu, kisha treni. Halafu kimya, na ukumbi mzima nao kimya.

Mama akauliza, wala si kwa kunong'ona, "Binti amekwenda?"

Tochi ikawaka nyuma yetu. Nikamkamata Dada mkono, akauchomoa. Akasimama, na kiti kikajikunja kwa kishindo.

"Hajaenda, Mama!" Ilikuwa sauti yake ya bandani, ile isiyohitaji maiki. "Ameweka begi chini. Anarudi nyumbani mbio, mpaka kiatu kimoja kimemvuka!"

Kwenye picha treni ilikuwa imebaki nukta, na yule mama alisimama peke yake kwenye reli akiwa ameshika kifungo kilichokatika. Kila mwenye macho alimwona. Hakuna aliyesema shii.

"Muongo wewe," Mama akasema. "Nimeisikia treni ikiondoka."

"Treni imeondoka, Mama. Yeye kashuka."

Mama akaupapasa mkono wa Dada, akaupata, akaubana kwapani kwake. Mhudumu alikuwa ameshafika kwenye safu yetu, amesimama mbele ya magoti yetu, tochi usoni mwa Dada.

"Nilisema neno moja tena."

Mama akageuza uso taratibu hadi akaupata ule mwanga.

"Na wewe mwenye tochi," alisema, "kaa chini. Unanizibia."